Tuta la Maua ya Biira

Chekeni tu, mimi nimeshazoea aibu hii. Hapa Bwera mpaka leo nikipita sokoni lazima mtu aniulize, "Marehemu anaendeleaje?" na mimi najibu mzima, maana nifanye nini?

Mke wangu Biira alikuwa amenuna, akamchukua mtoto wetu Baluku akarudi kwa wazazi wake Karambi, na kwetu mke akienda hivyo mume ndiye anamfuata, na mbuzi na wazee wawili, aombe radhi mbele ya wakwe. Mimi nikasema siendi ng'o! (Kiburi, ndugu zangu.) Lakini nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naongea na sufuria, basi nikaenda Kasese nikanunua vitunguu vya maua, siyo vya kula, vile vinavyochanua mwisho wa kiangazi, maana Biira aliyapenda sana maua yake, nikajiambia atasikia kwa watu, atakuja mwenyewe. Nikainua tuta moja refu mbele ya nyumba, nikalifunika nyasi kavu, na kichwani nikasimamisha kibao: BIIRA. Eti maua yake!

Asubuhi jirani yangu Mama Masika, akienda kuchota maji, akaona tuta, akaona jina, akatupa jerikeni.

"Yooo! Biira amekufa! Na wewe unamuzika peke yako, hata jirani huiti? Uko mutu wa namna gani?"

Hapo ndipo ningesema, mama, haya ni maua. Basi. Lakini alikuwa amekaa chini karibu nami, amenishika mkono, na tangu Biira aondoke hakuna aliyekuwa amenishika mkono, nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Akaita wengine, wakaja na kuni, wakaja na matoke, moto ukawashwa uwanjani, wanawake wa kanisa wakaimba, na mimi (Mungu anisamehe) nikala vizuri, nikalia kweli kweli, kwa sababu upweke wa kulilia nilikuwa nao.

Mchana boda ikasimama. Biira akashuka, msiba wake ulikuwa umemfikia Karambi kwa simu. Nyimbo zikakatika, mzee mmoja akaruka uzio.

"Hapa banalia nani?"

Akasoma kibao, akafukua udongo kwa mkono, akatoa kitunguu kimoja, akakitazama, akanitazama mimi.

"Baba Baluku, kumbe unaweza kujaza uwanja sababu yangu! Na Karambi tu ndiyo ilikuwa mbali? Kila siku nilikuwa nafagia njia, nasema leo atakuja."

Akapanda boda ileile. Watu wakachukua kuni zao wakaondoka, hakuna aliyeniaga.

Wiki iliyofuata nikaenda, na mbuzi, na wazee. Baba mkwe hakunikaribisha hata kiti.

"Binti yetu si ulishamuzika?" akasema. "Sasa unamudai nani?"

Maua yalichanua, tena mazuri, nikayaangalia peke yangu mpaka yakakauka. Mtu wako akinuna mfuate siku hiyohiyo, hata kwa miguu. Mimi sipandi tena kitu chochote cha kumngojea mtu.