Birika la Mama Zawadi

Juzi mwalimu wa historia alituonyesha mchoro wa Wahispania wakichoma watu. Waliua kweli, akasema, ila mchoro ulienezwa na Waingereza na Waholanzi, mahasimu wao, ambao nao hawakuwa malaika. Nikasikia harufu ya utotoni, ya rasta zilizochovywa ncha katika maji ya moto zisifumuke.

Mama alisuka nywele katika fleti yetu mtaani Berea. Mpinzani wake, Mama Zawadi, alisuka mlango wa pili. "Yule huchoma watoto," Mama aliniambia.

Mchana mmoja nilikuta kwetu kumefungwa. Mama Zawadi akaniita, "Ingia ule, mwanangu." Birika lake lilichemka, nikajua mboga ni mimi. Nikabaki koridoni na njaa hadi nikajikojolea.

Mama akarudi na mteja. "Alikugusa?"

"Hapana."

Akamsuka mteja, kisha akabandika birika letu, achovye ncha za rasta. Nikalitazama likichemka. Hilo sikuliogopa.