Sakafu ya Mama na Mbwa wa Vigae

Mbwa wangu hakojoi ndani ya nyumba. Nilimfundisha tangu akiwa mdogo, hapa mtaani Shieywe, kwenye kiwanja cha nyuma ambako ng'ombe wa jirani hula nyasi, nikimsifu kila alipomaliza haja yake huko. Akibanwa husimama mlangoni na kunikodolea macho mpaka nione haya. Majirani walimsifu, nami nikavimba kichwa. Kwa hiyo nilipompeleka kwa mama kijijini Lumakanda, Krismasi ya kwanza baada ya mume wangu kufariki, sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mama alikuwa amesiriba sakafu asubuhi hiyo kwa udongo na mavi ya ng'ombe, kama afanyavyo kila akitarajia wageni. Alama za vidole vyake zilikuwa bado mbichi. Mbwa akaingia, akanusa kona, akainua mguu kando ya kabati la vyombo, shangazi zangu wote wakitazama.

"Mbwa hulalanga nje," mama alisema. "Na huyu wako kama hawezi kulala nje, abaki huko kwenu."

Nilienda nyuma ya jikoni nikalia. Tangu nifiwe, sauti pekee nyumbani kwangu mbali na yangu ilikuwa ya kucha za mbwa huyo kwenye vigae. Kumwacha peke yake siwezi, na kukosa kwenda kwa mama siwezi. Nilimkasirikia mbwa, kisha nikamkasirikia mama, kisha nikachota mavi ya ng'ombe nikapasiriba upya mahali palipoharibika.

Nilipoinama hapo ndipo harufu iliponijaa puani, nikaelewa. Ilikuwa harufu ya kile kiwanja chetu. Kwa mbwa aliyelelewa kwenye vigae, nyumba hunuka sabuni, na panaponuka ng'ombe ni nje. Maskini, alikuwa ametii!

Baadaye nilimpigia mama simu nikamweleza hayo yote, na kwamba Agosti ningekuja naye tena. "Mbwa ni mbwa," alisema, akakata.

Agosti tukaenda, roho mkononi. Njiani, pale Chekalini, nilimwomba dereva asimame, mbwa akajisaidia. Tulipofika nilimzungusha kwanza kando ya mahindi mpaka akamaliza yaliyobaki, nikampongeza kama mtoto aliyepita mtihani. Kwapani nilikuwa na gunia lake la kulalia, ambalo sikulifua makusudi, ili liingie na harufu ya kwetu. Nilikusudia kumfunga kamba mkononi mwangu hadi siku ya kurudi, hata nikila ugali.

Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akitutazama.

"Amemaliza?"

"Amemaliza, mama."

"Basi ingieni."

Kilichonishtua kwanza ni sakafu. Ilikuwa kavu, imepauka, ina nyayo za watu. Maisha yangu yote sijawahi kumwona mama akipokea mgeni kwenye sakafu ambayo haijasiribwa upya. Nikadhani anaumwa na amenificha.

"Mama, uko mzima kweli?"

"Niko mzima. Nilisiriba mapema, wiki ingine ile, harufu iishe." Hakunitazama. "Sasa weka hiyo gunia yake pale."

Alionyesha kando ya kiti chake. Alikuwa ameshapafagia.