Kayamba la Daktari

Nichekeni tu, nimeshazoea. Miaka ile ya amani, tuliporudi Juba kutoka Uganda, nilikuwa mfagiaji wa kliniki moja Nyakuron, na kanisani nilikuwa mpiga kayamba wa kwaya.

Siku moja nilichungulia chumba cha matibabu. Daktari mgeni alikuwa akitikisa kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lenye gololi za chuma, huku mchungaji wetu, mgonjwa wa goti, amelala kimya. Kwa akili zangu, nikajua anamwimbia. Baadaye nikalikuta kopo lile kwenye taka, nikaliosha kwa sabuni, na Jumapili nikaenda nalo kanisani.

Lililia kuliko kayamba lolote. Mke wa mchungaji akaliomba, akacheza nalo, akalibusu.

Mchungaji akasimamisha wimbo. “Kitu hiyo wewe ilitoa wapi?”

“Ya daktari, mzee. Ile alikuwa anakuimbia nayo.”

“Hapana kuimba. Alikuwa anaosha mafuta ya kudunga kwa goti, ndani ya hiyo kopo. Na mafuta yenyewe alinyonya na sindano kutoka kwa tumbo yangu.”

Mkewe akalitazama kopo, akajipangusa midomo taratibu, kisha akanitazama mimi.