Sauti ya Boga Kinywani mwa Mweri

Mweri wa Likoni alikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka kumi na tisa, na kazi yake ilikuwa kusema "mimi" kwa niaba ya wengine. Mshitakiwa akikiri kwa Kidigo kwamba aliiba, Mweri naye husema "niliiba" kwa Kiswahili, uso mkavu, kisha huenda zake nyumbani kupika.

Mpaka alipoletwa Khamis Boga. Alikuwa akiwania udiwani, na alishitakiwa kuwachochea vijana waichome nyumba ya Bi Mwanatabu, ajuza aliyezushiwa uchawi. Bibi alinusurika, ila mikono yote miwili iliungua. Boga alikijua Kiswahili vyema, majukwaani alikitiririsha. Hata hivyo aliomba kujitetea kwa Kidigo.

Siku hiyo, akipitishwa akiwa na pingu, alimwinamia Mweri. "Shikamoo, dada. Mguu wa mama waendeleaje?"

"Marahaba. Hajambo kidogo," alijibu Mweri, ndipo akashtuka. Pale mahakamani hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za mguu wa mamake.

Kizimbani Boga alisema machache, taratibu, macho yamemganda Mweri. Upande wa hakimu hakutazama kabisa. Mweri aliyahisi maneno yakimteleza kinywani. Akasikia mtu analia. Kumbe ni yeye. "Nilipouona moto ule," alisema, "moyo ulinipasuka. Yule ni mama yetu sote."

Hakimu aliweka kalamu chini.

Bi Mwanatabu akainua mkono uliofungwa bendeji. "Mweri, mwanangu, mbona wamwongezea? Mimi nimemsikia. Amesema aliuona moto, akarudi kulala. Basi."

Mweri alijaribu kukumbuka. Kweli, Boga hakusema zaidi ya hayo. Alipomgeukia, Boga alikuwa akimtabasamia kwa upole, kama mwalimu aliyeridhika.

"Mheshimiwa," alisema Mweri, "naomba kusahihisha. Hayo ya moyo si yake. Ni yangu."

Akaletwa mkalimani mwingine, na mwisho wa kesi Boga akafungwa miaka saba. Mweri alikwenda kumwomba radhi Bi Mwanatabu, akamkuta akilishwa uji na bintiye.

"Usijilaumu," alisema bibi. "Siku mbili kabla ya moto Boga alikuja kunijulia hali. Akaniuliza mlango wa nyuma naufunga kwa kitu gani. Nikamwambia, huku nacheka. Wallahi, nilimpenda."

Mweri alipokea kijiko, akaendelea kumlisha bibi. Yote aliyajua, na bado alikuwa akimwonea Boga huruma.