Siku Maji Yalipoingia Chumba cha Vyungu

Vyungu vyangu vilikuwa kumi na kimoja, vyote kazi ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani. Nilianza kuvikusanya nilipokuwa mwanafunzi huko, kimoja kimoja, kwa miaka mingi. Vilifinyangwa kwa mkono bila gurudumu, msokoto wa udongo juu ya msokoto, kisha vikasuguliwa kwa jiwe laini hadi vikang'aa. Kikubwa kuliko vyote ulikuwa mtungi mweusi wenye tumbo pana, ulionizidi umri. Vyungu hivi vina adui mmoja, nayo ni maji. Vikilowa, ngozi yake ya nje huvimba na kubanduka.

Niliporudi Maskati kufundisha, tukahamia nyumba ya ghorofa moja katika mtaa wa Al Khoudh. Nilivipanga vyungu katika chumba cha chini, mkabala na chumba cha mama yangu. Mama alizaliwa Unguja, na wakati ule hakuweza tena kutembea bila kushikwa. Alikuwa akinicheka: "Kwetu chungu cha kupikia mchuzi. Wewe unakitia kabatini kama dhahabu!"

Tuliishi na dada mmoja aliyetusaidia kazi za nyumbani, mtu wa Kyela, ambako mama yake alikuwa mfinyanzi. Ni yeye peke yake niliyemruhusu kuvifuta vumbi.

Asubuhi ile mvua ilianza baada ya chai, na ikakataa kukatika. Jirani alinipigia simu. "Wadi imeshuka," alisema, na wadi ile, mkondo wa mto ambao karibu mwaka mzima huwa mawe matupu, iko nyuma ya mtaa wetu. "Pandeni juu, msingoje."

Sikuwa hata nimeiweka simu chini nikasikia sauti kutoka jikoni: "Madam, maji yanaingia!"

Yalikuwa ya kahawia, yakipenya chini ya mlango. Dada alikuwa amepiga magoti akiziba kwa mataulo. Mimi nilikimbilia vyungu. Nikachukua viwili, nikapanda navyo, nikaviweka kitandani kwangu. Niliporudi, Mama aliniita kupitia mlango wake uliokuwa wazi.

"Mwanangu, nnasikia maji."

"Nnakuja, Mama. Dakika moja tu."

Nikabeba vitatu vingine. Taa zikazimika nikiwa ngazini. Niliposhuka tena maji yalinifika kwenye mashavu ya miguu, nayo yalikuwa yakivuta kama kitu chenye mikono. Mama hakuita tena. Nikapita. Nikaukumbatia mtungi mweusi, nikatoka nao ukumbini, nikakutana na dada.

"Shika huu," nikamwambia. "Taratibu, usiutikise."

Hakunyoosha mikono. "Madam, bibi bado yuko kitandani."

"Najua! Shika!"

Akanipita. Nilimwona akichutama mbele ya kitanda, akiizungusha mikono ya Mama shingoni mwake, akiinuka naye mgongoni. Mama alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa dua. Wakafika chini ya ngazi, nami nilikuwa nimesimama palepale na mtungi wangu, nimewaziba njia.

"Tupishe, madam."

Nikajibana ukutani. Alipanda kidato cha kwanza, cha pili. Cha tatu mguu wake ukateleza. Nikawaona wote wawili wanarudi nyuma, juu yangu. Mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikauachia mtungi. Nilimsukuma Mama mgongoni kwa viganja vyote viwili, dada akashika ukingo wa ngazi, tukasimama hivyo tukitweta, kisha tukapanda kidato kimoja kimoja mpaka juu.

Maji yalipungua alasiri. Vyungu vitano vilivyobaki kwenye rafu za chini vilikuwa vipande. Mtungi niliukuta kwenye tope chini ya ngazi, mzima, lakini ngozi yake imetoka malengelenge. Nilitaka kuuweka juani, dada akanizuia. "Ukiuharakisha utapasuka. Uviringishie kitambaa, ukae kivulini." Nilifuata alivyosema. Haukupasuka, ila mng'aro wake umetoka upande mzima.

Nikamwomba radhi kwa ukali wangu. Akasema, "Niliogopa, madam. Nilijua unaweza kunirudisha nyumbani. Nikasema basi, nitarudi, lakini bibi nitakuwa nimeshamtoa."

Kwa Mama ilikuwa ngumu zaidi. Kesho yake nilimpelekea uji chumbani kwangu, tulikokuwa tumemlaza. Alikula kidogo, akaniangalia.

"Ulipita mlangoni kwangu mara mbili."

"Nilidhani bado kuna wakati, Mama."

"Wakati ulikuwapo," akasema. "Wa vyungu."

Akanirudishia bakuli. Nilitaka anigombeze kama zamani, anitukane hata, lakini aliomba tu mto wake uinuliwe kidogo. Hakulitaja jambo lile tena, wala sikuthubutu kumkumbusha.

Nyumba ilipokauka alikataa kubaki juu. Alisema kule hasikii watu. Basi vyungu vilivyosalia nikaviweka huko juu, na kile chumba cha chini, mkabala na chake, nikakifanya cha kulala mimi. Milango yote miwili huwa wazi. Siku nyingine huniita, na nikifika simwoni ana haja yoyote. Ananitazama tu pale kizingitini, kisha anageukia ukuta. Nami hukaa kidogo ukingoni mwa kitanda chake kabla ya kurudi kwangu.