Chupa ya Mama Mkwe

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuchemsha mikojo ya watu. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu majirani zetu pale Makongeni walisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, kila nilipopita na kaptula yangu nyeupe iliyopigwa pasi: "Daktari wa mikojo huyo!" Sikukasirika. Wao walishinda kiwandani wakimenya mananasi mpaka vidole vinachubuka. Mimi nilikuwa na meza, taa ya spiriti, tyubu za kioo zilizopangwa kwenye kibao, na darubini niliyoifunika kwa kitambaa kila jioni. Tulikuwa wawili tu katika maabara ile ndogo nyuma ya wodi za hospitali moja mjini Thika. Mwenzangu alikuwa mzee wa upande wa Machakos aliyejifunzia kazi jeshini wakati wa vita, na ndiye aliyenifundisha.

Kipimo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha sukari. Unatia dawa ya buluu katika tyubu, unadondosha matone manane ya mkojo, unachemsha. Ikibaki buluu, sukari hakuna. Ikigeuka kijani, ipo kidogo. Ikiwa ya manjano, imezidi, na ikiwa nyekundu kama tofali, mgonjwa yuko taabani. Malaria lazima uitafute kwenye darubini hadi macho yatoe machozi, lakini sukari hujileta yenyewe. Nyumbani nilijigamba kwamba mtu anaweza kunidanganya, tyubu haiwezi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na ulimi mrefu kuliko akili.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka kwetu magharibi kumtembelea mwanawe, shemeji yangu, aliyefanya kazi katika shamba la kahawa huko Ruiru, upande wa Mugutha. Kwangu Thika hakukaa hata siku moja, wala sikumtarajia. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawaketi chumba kimoja, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja ataingia majanini mpaka mwenzake apite. Watu wa mjini walitucheka kwa hayo, wakidhani ni chuki. Si chuki hata kidogo. Mtu aliyekupa binti yake unamheshimu kwa kumwachia nafasi.

Nilipokwenda Ruiru nilikaa nje na shemeji, na mama mkwe akanisalimia kutoka jikoni, nyuma ya mlango. "Hamjambo, mkwe?" Aliniambia "ninyi" sikuzote, kana kwamba nilikuwa umati. Kisha mtoto wa shemeji angetoka na njugu za kuchemsha, na fungu langu lilikuwa kubwa kuliko la mwanawe wa kumzaa. Kwa miaka minne, kule kwetu na hapo Ruiru, nilimjua kwa sauti na kwa njugu. Nilimpenda sana yule mama.

Alipoanza kunywa maji kama aliyemeza moto, na kukonda, shemeji alimleta hospitalini kwetu kwa lori la shamba. Wiki hizo sikuwepo. Nilikuwa nimepelekwa Nairobi kujifunza kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mzee mwenzangu ndiye aliyempima, ikatoka nyekundu. Walimlaza, wakamchoma sindano za insulini kila siku, na rangi ikashuka polepole: manjano, kijani, mwisho buluu. Niliporudi alikuwa tayari kuruhusiwa. Daktari, Mzungu mpole aliyeongea Kiswahili cha mashambani, alipanga kwamba dresa, yule mhudumu wa zahanati ya shambani, amchome kila asubuhi, na kila Jumamosi mkojo wake uletwe Thika tuupime, ili yeye ajue kama sindano zinatosha. Ilikuwa miaka ya Emajensi, serikali ya Wazungu ilipotangaza hali ya hatari. Barabara ilijaa vizuizi na askari, na kumsafirisha mgonjwa kila wiki kungekuwa kumtesa. Mke wangu alikuwa akienda Ruiru kila Ijumaa kumwona na kurudi Jumamosi, kwa hiyo ilionekana rahisi kwamba chupa aibebe yeye.

Mzee mwenzangu aliniita pembeni. "Hii chupa wachia mimi," alisema. "Huyo ni mama ya bibi yako. Na mimi hana haya."

Nilikataa. Nilimwambia mambo hayo ni ya kijijini na sisi tuko hospitalini. Hiyo haikuwa sababu, na nisiposema sababu yenyewe leo sitaisema tena. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka siku moja arudi kwao asimulie kisimani kwamba mkwe wake, yule anayechekwa kwa mikojo, ndiye aliyemponya.

Nilimweleza mke wangu jioni, akisonga ugali. Mwiko ulisimama.

"Wewe mwenyewe?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

"Na mama nimwambie?"

"Mwambie. Atafurahi."

Akaendelea kusonga. Ningemtazama usoni ningejua, lakini nilikuwa nimeshaanza kueleza habari ya Nairobi.

Jumamosi ya kwanza aliniletea maabara mkojo katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyozibwa kwa gunzi. Nilichemsha. Buluu. Niliandika kwenye kadi kwa mwandiko wangu bora. Jumamosi ya pili, buluu. Ya tatu, buluu safi. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikiimba, na kumwambia mke wangu rangi kabla hata ya kuvua viatu. Yeye alisema tu, "Haya, vizuri," na kunikaribisha chai.

Wiki ya tano mzee aliinua tyubu yangu dirishani, akaigeuza, akaitazama muda mrefu.

"Wee kijana," alisema, "hii maji ya mama imetulia sana. Mtu wa sukari huwa napanda, nashuka. Leo amekula ndizi, kesho ametembea. Huyu kila siku ni sawasawa kama mtu hana ugonjwa."

"Si ndiyo kupona huko?"

"Huo ugonjwa haiponi," alisema, akairudisha tyubu kwenye kibao.

Nilimwona ana wivu. Nilimpelekea daktari kadi, naye akafurahi. "Mama yako nakuja mzuri sana," aliniambia. "Sindano napunguza." Akapunguza. Rangi ikabaki buluu, akapunguza tena. Baada ya miezi mitatu alisema sindano ziachwe kwanza, mama aangalie chakula tu, mihogo na chai ya sukari marufuku, na chupa iendelee kuja.

Habari hiyo niliipeleka Ruiru mwenyewe. Nilisimama uani nikatangaza kwa mlango wa jikoni kwamba sindano zimekwisha. Alicheka kwa furaha huko ndani, maana zile sindano zilikuwa zimemuumiza mapaja. "Mungu awabariki, mkwe," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. Mtoto hakuwepo siku ile, kwa hiyo kibakuli cha njugu alikitoa yeye mwenyewe kwenye upenyo wa mlango, uso ameugeuzia ukuta. Niliuona mkono. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba bangili ilipanda hadi karibu na kiwiko. Niliuona mkono ule kwa macho yangu mawili, nikachukua njugu, nikaondoka. Tyubu zilikuwa zimeniambia amepona, na mimi niliamini tyubu.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, asubuhi, lori la shamba lilimleta tena. Sikuingia wodini. Nilisimama varandani nikasikia pumzi zake kupitia dirisha, ndefu na nzito, kama za mtu anayepanda mlima. Palikuwa na harufu pia, ya mananasi yaliyoiva kupita kiasi, na kwa dakika nzima nilijidanganya kwamba inatoka kiwandani.

Nesi alitoa mkojo kwa mpira akauleta maabara. Mzee alinyoosha mkono aupokee, mimi nikamtangulia. Matone manane. Haikungoja hata kuchemka vizuri, ikageuka tofali. Niliimwaga nikarudia kwa tyubu nyingine, nikihesabu matone kwa sauti. Tofali. Nikafanya kile kipimo kingine, cha sumu inayokuja sukari ikimshinda mtu, na pete ya zambarau ikajitokeza pale pale. Nilitoka nikamfokea nesi kwamba amebadilisha chupa.

"Nimetoa mimi na mikono yangu," alisema. "Na wewe usinipigie kelele."

Ikanijia basi kwamba chupa iliyobadilishwa si hii.

Mke wangu alikuwa ameketi varandani, ameshika kanga ya mama yake. Nilimwuliza swali moja tu: zile chupa za Jumamosi zilitoka wapi. Hakujaribu kunizungusha.

"Zilikuwa zangu," alisema. "Nilikuwa natia hapa hapa, choo cha hospitali, kabla nikuletee."

Nikakumbuka kwamba zilikuwa na joto. Ruiru hadi Thika kwa basi, pamoja na vizuizi, mkojo haufiki na joto. Msaidizi yeyote wa mwezi mmoja angelijua hilo, na mimi nilizishika chupa zile kila Jumamosi kwa miezi mitatu.

"Mama alisema heri afe kuliko maji yake yachemshwe na mkwe wake," aliendelea. "Akaniapisha. Ningefanyaje, baba watoto? Ni mama yangu."

"Na ukamwacha afe kweli!"

"Nilijua anachomwa sindano! Sikujua chupa ndiyo inapunguza sindano. Hukuniambia. Wewe ulikuwa unaniambia rangi tu."

Nilipiga ukuta kwa kiganja mpaka wagonjwa wakageuka. Nilikuwa na hasira naye, kisha na mama yake, kisha na mila yenyewe, na hasira ilipokwisha kuzunguka wote ilirudi kwangu. Kweli sikuwa nimemwambia. Miezi mitatu nilikuwa nimemtangazia buluu kama mtu anayetangaza mabao ya mpira, bila kumweleza hata siku moja kwamba buluu hiyo inakwenda kwa daktari na daktari anaitumia kupunguza dawa.

Nilikwenda kwa daktari nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Oo," akachukua kadi yangu yenye mwandiko mzuri akaipasua katikati, akaenda kuongeza insulini. Walimtundikia maji ya chumvi mshipani. Nesi yule yule, akifunga bandeji, alitikisa kichwa na kusema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilimwambia afunge mdomo. Maradhi hakuyaficha. Mzee wa Machakos alimpima wiki mbili nzima naye akampa kila alichotaka. Aliyefichwa ni mimi, kwa sababu ya heshima aliyonipa, na nilikuwa nimeambiwa jinsi ya kuipokea nikajifanya msomi.

Kesho yake asubuhi alipata fahamu. Pumzi zilikuwa zimetulia, na mke wangu alitoka mbio kuniita, machozi na kicheko pamoja. Waliweka pazia la kitambaa cha kijani kuzunguka kitanda ili nami niweze kusogea. Nilisimama upande wangu, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza tulikuwa chumba kimoja, na tuliona haya wote wawili.

"Mkwe yupo?" aliuliza.

"Yupo, mama," mke wangu alisema.

 Kisha akauliza kwa sauti ndogo, akimwuliza binti yake lakini akijua nasikia: "Jana walinitoa mkojo. Nani aliupima?"

 Niliona kivuli cha mke wangu kimegeuka kwenye pazia, kikinitazama. 

"Ni yule mzee mwenzangu, mama," nilisema. "Mimi sikuwa kazini. Sikuona chochote."

Alivuta pumzi na kuiachia kwa muda mrefu. "Asanteni, mkwe," alisema. "Mungu amenisitiri." Akaomba maji, akanywa, akamwambia binti yake amfunike miguu.

Mchana moyo wake ulisimama. Daktari alisema mwili ulikuwa umechoka mno, damu imepoteza chumvi zake, na siku hizo hatukuwa na namna ya kupima chumvi za damu pale Thika. Shemeji alikuja kutoka Ruiru tukapanga mazishi, na karatasi za ruhusa, na seremala. Mzee mwenzangu alifunga maabara akakaa nasi nje, na nilimshukuru kwa hilo.

Jioni, jua likiwa bado halijatua, tulitembea kurudi Makongeni, mimi mbele, mke wangu hatua chache nyuma, ameshika kanga ya mama yake na sahani yake ya bati. Tulipokaribia nyumbani alisimama. Nami nikasimama. Hakuwa akilia wakati ule.

"Kumbe ulikuwa unaweza kumwambia hivyo tangu mwanzo," alisema.

 Akanipita, akaenda kufungua mlango.