Siku Niliyosema "Mafi Moya"

Leo nacheka, lakini siku yenyewe ningepewa shimo ningejifukia mwenyewe, na nawasimulia tu kwa sababu Rehema, ninayekaa naye chumba kimoja Al-Hindawiyah, ameshaanza kuieneza habari hii, na akisimulia yeye ananifanya mjinga kuliko nilivyokuwa (nilikuwa mjinga, sawa, ila kwa kiasi).

Nilikuwa na wiki chache tu Jedda. Nimetoka Lamu, ambako nilikuwa nawapeleka watalii kuzamia kutazama samaki, na huku nikachukuliwa kwa majaribio na Madam Hala, Msaudia mwenye duka la vifaa vya kuzamia kule Al-Hamra. Akiniridhia ananitolea ikama, kile kibali cha kukaa na kufanya kazi, asiporidhika narudi kwetu na begi langu. Na mimi yule mwanamke nilimhusudu, jamani: ameshazamia chini ya barafu nchi za watu, haongei sana, na kifaa akikishika yeye kinatii. Siku ya kwanza aliniuliza kama najua Kiarabu, nami badala ya kusema nimesoma cha madrasa tu (ambacho maji ni "maa", na hapo ndipo msiba ulipoanzia) nikajibu "Naam!" kwa sauti ya mtangazaji wa redio, basi kuanzia hapo Kiingereza kikawekwa kando.

Ikaja safari ya Riyadh. Mabibi fulani wa huko walikuwa wanajiandaa kwenda kuzamia kwenye ziwa la baridi kali, na Madam akakodi bwawa la hoteli moja pale Olaya, likamwagiwa barafu, ili awaonyeshe glavu kavu zinavyofanya kazi, na wa kuingia majini ni mimi.

Glavu kavu, kwa asiyezijua, si zile za kuoshea vyombo. Umevaa suti isiyopitisha maji, na glavu inafungwa kwenye mkono wa suti kwa pete mbili ngumu zenye mpira katikati, zinabana tak! Ndani unavaa glavu nyingine ya sufu ili upate joto, na kwenye kifundo cha mkono, chini ya mpira wa suti unaobana pale, Madam hupitisha kamba nyembamba ili hewa ya kwenye suti ifike vidoleni, maana bila hewa hiyo ukishuka chini glavu inakufinya mpaka uombe radhi. Ubaya ni kwamba palipopita hewa na maji yatapita, kwa hiyo glavu ikivuja, suti nayo inajaa. Ndiyo maana aliufuta ule mpira wa katikati ya pete, akaupitishia kidole mzunguko mzima taratibu akitafuta hata unywele mmoja, akaupaka mafuta yake, na mabibi wote wameshika vikombe vya kahawa hawanywi, wanamtazama yeye.

Akaniambia nitumbukize mkono mmoja kwanza. Nikatumbukiza. Mkavu, joto, raha tupu. Madam akauliza, "Fi moya?"

Sasa mimi ni mtu wa Lamu, na kwetu moya ndiyo moja. Fi nilishaijua, ni kuna. Ananiuliza kama mkono mmoja umeingia! Nikajibu kwa furaha, "Fi moya! Fi moya!"

Madam akanivuta mkono, akafungua glavu, akaikuta kavu kabisa, akanitazama. Nikaona nimemsumbua mbele ya wageni, nikasema ngoja niifunge mwenyewe haraka haraka, na huo ndio uamuzi ulionimaliza, kwa sababu uzi wa ile glavu ya sufu ulibaki katikati ya pete na mimi nikabana juu yake, tak!

Nikaingia mzima, mikono yote miwili. Madam: "Fi moya?"

Nikakumbuka somo la Rehema ("Mafi ni hakuna, mafi kazi, mafi shida, hiyo ukiijua umeiva"), nikapaza sauti bwawa zima lisikie: "Mafi moya! Ithnein!" Yaani si mmoja tena, ni miwili. Kumbe moya ya mitaani kwao ni maji, nami nimesema hakuna maji, mikono yote. Madam akatabasamu, akawageukia wageni kwa fahari, akaniambia, "Yalla, shuka."

Nikashuka. Nikasikia kidole cha mwisho kinapoa, halafu kiganja, halafu kiwiko, halafu kwapa, wee! Nilipofika kwenye ngazi suti imenywa nusu ya bwawa. Wakanivuta Madam na mabibi wawili, nikasimama, maji yote yakateremka miguuni, nikataka kuinama kidogo kuwasalimu wageni, nikaanguka kwa makalio, na zipu ilipofunguliwa maji yakalichukua sinia la tende.

Madam hakunifokea. Alinifunika abaya yake, akauchomoa ule uzi, akauinua juu. "Huu tu," akawaambia wageni. Kisha akavaa suti ya akiba na glavu ileile, akaweka karatasi laini ndani, akashuka kwenye barafu, akarudi na karatasi kavu. Mabibi walipiga makofi, na mimi pia, huku natetemeka.

Ndipo akaniuliza kwa nini nilisema hakuna maji. Nikamweleza kwa vidole, moya, mbili, tatu. Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini uwanja wa ndege hakucheka. "Ukijibu usichokielewa utaniulia mtu," alisema. "Ikama nitakutolea. Ila kuanzia leo, hujaelewa, sema sijaelewa." Nikalia palepale, kwa aibu na kwa furaha.

Rehema aliposikia akanitazama sana. "Sasa wewe, wiki zote hizi dukani ulikuwa unaitisha maji vipi?"

"Nilikuwa naonyesha kwa kidole."

Siku hizi kabla sijashuka Madam ananigonga pete za glavu na kuniuliza, "Maji?" Alijifunza neno hilo kwa ajili yangu. Nami nimeapa: neno nisilolijua silijibu tena, hata likifanana vipi na la mama yangu.